Kundi Limejaa, Wavuvi Wako Ziwani

Jumatatu

Nimeamka nimekuta kundi letu la WhatsApp la mashabiki wa Mashujaa limechafuka. Mtu asiye na jina wala picha ameweka "mkeka wa uhakika" wa kubeti, akaurudia usiku kucha, na chini yake pana namba ya kutuma hela. Wengine wamemtukana. Wengine wamemuuliza kama mechi ya kwanza bado haijaanza. Nimefuta ujumbe mmoja mmoja nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka. Mteja wa fotokopi alisubiri.

Maadmini wa zamu ya usiku walikuwa ziwani. Wengi wao ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, na sasa ni kipindi cha giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mtumbwini hazimvuti dagaa, kwa hiyo wavuvi hulala nyumbani na kundi hutulia. Giza likiingia, wao huondoka na jioni, na mtandao huwaacha njiani. Kundi letu linalindwa kwa kalenda ya mwezi.

Hawa tuliwapata wakati mzuri. Timu yetu ya Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, kundini tulikuwa watu wa kujuana. Aprili 2024 tukawatoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa penalti, hapa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, na watu wakamiminika. Wengi hawakuwa mashabiki wa Mashujaa. Walikuwa mashabiki wa Yanga waliofurahi, na bado wapo.

Mwezi uliofuata Serikali ikafunga uvuvi ziwani, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Wavuvi wakawa nyumbani, wana usiku mzima na hawana pa kuupeleka. Wakajitolea kulinda kundi, na sijapata kuona ulinzi kama ule. Kisha ziwa likafunguliwa, wakarudi kazini, kwa sababu watoto wanakula.

Jumanne

Mmoja wa wavuvi hao ameangusha simu majini akivuta wavu. Nimemsindikiza kurudisha laini. Kwanza polisi kuchukua ripoti ya upotevu, kisha foleni ya kibanda cha laini, juani. Mwenye mwavuli mbele yetu aliufunga alipofika kivulini, na kivuli kikawa chake peke yake.

Zamu yetu ilipofika, mashine ya alama za vidole ilimkataa. Kijana wa mashine akamwambia afute kidole. Akafuta kwenye shati. Akamwambia ajaribu kingine. Kila alichojaribu kikakataa. Nikavitazama kwa karibu: ncha zinang'aa, mistari imelika kabisa, kwa sababu kamba ya wavu hupita hapo hapo kila usiku. Akaambiwa arudi kesho.

Njiani hakuzungumzia simu wala hela. Aliuliza, "Kaka, kundi liko salama lakini?" Mtu kama huyu haandikiwi barua ya onyo akikosa zamu. Anapikiwa chai.

Jumatano

Mzee wetu, mstaafu wa reli, amemtoa mtu kundini. Kosa ni kuandika "Wananchi juu", kauli ya mashabiki wa Yanga, asubuhi na mapema. Mzee huandika maonyo yote kwa herufi kubwa, na akishatoa mtu huweka tangazo lenye namba ya kumbukumbu. Aliyetolewa ni mpiga ngoma wetu wa uwanjani. Ameondoka na ngoma.

Nimepanda daladala kwenda Ujiji kumbembeleza. Lilikaa Mwanga mpaka lijae, na lilipojaa likasubiri kidogo tena. Mpiga ngoma alinipokea vizuri, akanikalisha chini ya mwembe, akaniletea kahawa. Akasema hana neno na mimi, anamtaka Mzee aje mwenyewe. Nimerudi Kigoma kumpa Mzee salamu hizo, shikamoo kwanza. Mzee akasema alifuata kanuni, na kanuni haziombi radhi.

Kumtoa mtu si jambo dogo tena. WhatsApp ilikuwa ikikubali watu 256 kwa kundi. Mwaka 2022 ikapandisha hadi 512, na kabla mwaka haujaisha ikafika 1,024. Sisi tumejaa pomoni. Nafasi ya mpiga ngoma ilichukuliwa kabla sijafika kituoni, na aliyeingia ni muuza betri za sola.

Alhamisi

Mama muuza mawese ndiye admini wetu wa mchana. Simu yake huifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mafuta, na juu ya nailoni ile pana alama ya dole gumba, rangi ya chungwa, mahali pa kubonyezea. Watu wakigombana, yeye haandiki kitu kundini. Humpigia mmoja, kisha mwingine: "Mwanangu, umekula? Haya, nani kakuudhi?" Wakimaliza kujibu, hasira imeisha. Sijaona kanuni inayoshinda hiyo.

Leo katukanwa yeye. Kafuta picha chafu, na aliyeiweka akamrudishia maneno ambayo siyaandiki hapa. Watu zaidi ya elfu moja walikuwemo. Wapo walioweka stika za kucheka. Hakuna aliyesema "acha". Saa sita mchana Mama akatoka kundini bila kuaga.

Nimekwenda sokoni. Alikuwa akimimina mawese kwenye chupa, mkono umetulia. Akasema, "Matusi ya mtu mmoja nayaweza, baba. Kunyamaza kwenu ndiko kulikonichosha." Nilisimama pale mpaka chupa ikajaa. Wote tunaojiita viongozi wa kundi hili tulistahili kuyasikia maneno hayo.

Ijumaa

Tapeli amejitokeza na picha ya mweka hazina wetu. Ujumbe ni ule unaojulikana nchi nzima, "ile hela tuma kwenye namba hii". Safari hii akaongeza kwamba ni ya jezi. Kijana wetu wa chuo, admini wa saa za kati, alifanya sawasawa. Alifunga kundi ili maadmini peke yao waweze kuandika, akaanza kuandika tahadhari. Bando likamwishia katikati ya sentensi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, simu yangu imezima. Wavuvi wamelala, Mama katoka, simu ya Mzee iko kwa mjukuu. Kundi likabaki limefungwa, na tahadhari yenyewe haijafika. Kufika saa nane, watu walikuwa wamejipanga mbele ya duka langu wakiuliza kama wametolewa. Baadhi walitaka kupiga fotokopi walau wasiondoke bure, ila mashine nayo ilikuwa imezima.

Jioni nimeandika waraka. Nimekumbusha kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uongo unaosambazwa mtandaoni na ujumbe wa kutisha au kudhalilisha watu, na kwamba kujificha nyuma ya picha ya timu hakumtoi mtu kwenye sheria hiyo. Nimeandika pia kwamba kijana wa chuo aliishiwa bando akitulinda, na kwamba bando hilo alilinunua kwa hela yake ya kula. Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyosomwa zaidi.

Jumamosi

Mvuvi amepata laini. Mashine imekubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kamba haikigusi. Amenipigia kunijulisha. Simu ni ya kuazima, na mwenye simu alikuwa akimhimiza amalize.

Mzee amekwenda Ujiji. Hakuniambia, nimesikia kwa mpiga ngoma. Walizungumza habari za treni, habari za mvua, na mwishoni Mzee akasema kundi bila ngoma limepoa. Mpiga ngoma ameihesabu kuwa radhi. Sasa yuko nje akingoja nafasi, kwa sababu muuza betri hajavunja kanuni yoyote.

Jumapili

Tumekutana Kibirizi mapema, wavuvi wakiwa ndiyo kwanza wanashuka, dagaa wakianikwa pembeni. Mama amekuja, kwa sababu wavuvi walimfuata nyumbani wote pamoja. Kikao kilichelewa kuanza. Mwenyekiti wa kikao alikuwa bado anauza samaki.

Nimesema kilichokuwa moyoni. Admini wa kujitolea hana mshahara wa kukatwa wala cheo cha kupandishwa. Anakaa kwa sababu anaipenda timu na anaheshimiwa. Akibaki peke yake siku ya matusi, akilipia ulinzi wetu mfukoni mwake, akishika zamu ambayo kazi yake haimruhusu, ataondoka, na atakuwa na haki. Mvuvi mmoja alisinzia nikizungumza, naye alikuwa na haki.

Maazimio yamepita bila kupingwa. Zamu zitafuata mwezi: mbalamwezi ni ya wavuvi, giza ni la watu wa nchi kavu. Mtu hatolewi kundini na admini mmoja, wawe wawili. Admini akitukanwa, wenzake wote wajibu siku hiyo hiyo, kwa majina yao. Kutakuwa na mfuko wa bando, na hesabu yake itawekwa kundini kila mwisho wa mwezi. Anayechoka apumzike mwezi mzima, na akirudi asiulizwe. Mzee ameyapa namba za kumbukumbu.

La mwisho kalitoa Mama. Kila anayeomba kuingia aulizwe kwanza kama yuko tayari kushika zamu, na aliye tayari atangulie. Nimeanza kuwapigia walioomba, nikiwa bado ufukweni. Mpiga ngoma kachukua Jumapili jioni. Aliyemfuata ni mwadhini wa Ujiji. Amechukua zamu ya alfajiri, kwa sababu saa hiyo yuko macho kila siku.