Namna ya Kujiharibia Triathloni ya Kwanza kwa Siku Sita

Hongera. Umejiandikisha Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, mbio zilizoanza kufanyika 2022: unaogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, unaendesha baiskeli kilomita 90, kisha unakimbia 21.1, yote siku moja na kwa hela yako mwenyewe. Makocha watakwambia wiki ya mwisho ni ya kupunguza mazoezi ili misuli ipone. Wao hawana presha uliyo nayo. Fuata ratiba hii.

Jumatatu: lipa madeni. Zile alfajiri za mvua ulizolala zimegeuka deni, na dawa ya deni ni kulipa. Endesha baiskeli kutwa nzima. Ni kweli kwamba faida ya zoezi la leo mwili utaionja baada ya siku kumi au zaidi, mbio zikiwa zimeshapita. Uchovu wake, hata hivyo, utakuwa tayari Jumapili bila kuchelewa.

Jumanne: goti. Goti ambalo halijawahi kukusumbua litaanza kuuma ghafla. Wazoefu huwa wanacheka na kuendelea na shughuli zao. Wewe uliza intaneti, kisha uliza kundi la WhatsApp la ukoo. Intaneti itakupa magonjwa, ukoo utakupa dawa za kuchua. Shangazi atataka kujua mshindi analipwa ngapi. Ukimjibu kwamba wewe ndiye uliyelipa, ataanza kuulizia kichwa chako, na habari ya goti itaishia hapo.

Jumatano: manunuzi. Nunua raba mpya, jezi mpya, na jeli za nguvu zenye ladha usiyoijua. Kuna watu wanaokariri kwamba siku ya mbio hakijaribiwi kitu kipya. Wasimulie Ironman ya kwanza, kisiwani Oahu, Hawaii, Februari 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. John Dunbar, wasaidizi wake walipoishiwa maji, alipewa bia, na bado akashika nafasi ya pili. Usitaje kwamba alipoanza kukimbia alikuwa anaongoza.

Alhamisi: wanga. Ushauri wa kitaalamu ni kuongeza wanga kwa siku mbili tatu na kupunguza mafuta na maharage. Huo ni uvivu. Wali, ugali, chapati na viazi, sahani moja, mlo mmoja. Kila gramu ya wanga inayowekwa akiba kwenye misuli hukaa na takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo mzani utapanda. Shtuka, kisha kesho yake usile kabisa.

Ijumaa: ziwa. Bwawani kuna mstari sakafuni. Ziwani hakuna, ndiyo maana wenzako wanajizoeza kuinua macho kutafuta boya. Wewe fuata miguu ya aliye mbele yako, hata kama naye amepotea. Usiku, soma kuhusu methani na kaboni dioksidi zilizoyeyuka kwenye vilindi vya Kivu. Ziko chini sana na hazina habari na wewe, ila kwa kufukuza usingizi hazina mpinzani. Na usingizi wa Ijumaa ndio wa kuufukuza hasa, maana wa Jumamosi hauji hata ukiitwa.

Jumamosi: kukabidhi baiskeli. Jaza upepo mpaka tairi ziwe jiwe, kisha iache baiskeli juani. Mlio utausikia. Helmeti itie kwenye mfuko wa kukimbilia. Sheria inataka uifunge kidevuni kabla ya kuchukua baiskeli, kwa hiyo utapata nafasi ya kufahamiana na waamuzi. Jioni kunywa maji matupu, lita juu ya lita. Yatapunguza chumvi mwilini, lakini safari za chooni nazo si mazoezi?

Jumapili. Katikati ya mbio za miguu atakupita mwenzako ambaye wiki nzima alifanya mazoezi mepesi ya nusu saa, akala chakula alichokizoea, akavaa raba zilizochakaa na kulala mapema. Usimwonee wivu. Atafika, atavishwa medali, atakula na kupiga picha. Ila akiulizwa mbio zilikuwaje, maskini hana cha kusimulia.