Hoteli Yenye Matundu Saba

Leicester, Uingereza

Dada,

Nimeona niandike barua ya karatasi kwa sababu sauti ninazowatumia kwa WhatsApp mnazisikiliza nusu, nusu iliyobaki mnaimalizia wenyewe. Ndiyo maana leo huko nyumbani Ngamiani nzima inajua kwamba nimefungua hoteli Uingereza. Mjomba ameshaomba trekta. Mtoto wa shangazi ameulizia nafasi ya umeneja, na amesema kwenye mshahara tutaelewana.

Dada, hoteli yenyewe ni meza. Meza moja ya kukunja, mwamvuli na jiko la gesi, kila Jumamosi sokoni. Lile jengo kubwa mliloliona nyuma yangu kwenye picha ni benki. Halinihusu, na mimi silihusu.

Nauza vitumbua. Najua unacheka. Ni mimi yuleyule niliyeapa alfajiri pale barabara ya 8, sinia kichwani, kwamba nikikua sitashika tena kitumbua. Nikapanda ndege, nikafanya kazi ya usiku ghalani miaka sita, napanga viatu vya watu kwenye maboksi, mpaka mgongo ukakataa. Nikarudi palepale kwenye mchele wa kuloweka. Tofauti ni moja tu: marehemu mama alitafuta kuni, mimi natafuta karatasi.

Huku huamki tu ukauza. Unajisajili halmashauri siku 28 kabla hujauza hata kimoja. Ni bure, hawachukui senti. Ila ukishajisajili, bwana afya anakuja kukukagua nyumbani. Wangu alikuwa bibi afya, binti mdogo mwenye kipimajoto. Akafungua friji. Ndani kulikuwa na sufuria la wali wa jana, halina mfuniko. Akauliza, hiki nini? Nikamjibu kwa fahari: kiporo. Akataka kujua kiporo ni kitu gani. Basi nikamweleza wali uliolala unavyonoga asubuhi kwa chai ya rangi, naye anaandika, na kadiri nilivyozidi kusifia ndivyo kalamu ilivyozidi kukimbia. Kumbe huku kiporo ni kesi! Mchele una vijidudu visivyokufa kwa kupikwa. Wali ukiachwa upoe taratibu mezani vinazaliana na kuacha sumu, na hata ukiupasha moto sumu haitoki. Nilitaka kumwambia kwetu tumekila kiporo maisha yetu yote, nikaona nisimwongezee cha kuandika.

Akaomba daftari la kila siku: friji ina joto gani, nani kasafisha nini, saa ngapi. Nikamwambia yote yako kichwani. Kichwa hawakikagui. Alama zao ni 0 mpaka 5, unapewa na kibandiko cha kuwaonyesha wateja, nami nikapata 3. Tafsiri yake rasmi ni kwamba hali yako inaridhisha kwa ujumla. Dada, hilo “kwa ujumla” lilinikosesha usingizi. Ingekuwa Wales ningelazimika kukibandika, lakini hapa England sheria hailazimishi, basi nikakificha kabatini chini ya vitambaa vya Idi mpaka aliporudi kukagua tena nikapata 5. Hicho kipo mezani. Ningekuwa na cha pili ningekibandika kifuani.

Daftari analo binti yako mkubwa, ambaye amejipa umeneja bila kuomba, kwa hiyo mwambie mtoto wa shangazi nafasi imejaa. Ndiye aliyekuja na orodha ya vitu 14 ambavyo lazima mnunuzi aambiwe kama vimo kwenye chakula, maana vinawadhuru baadhi ya watu: ngano, maziwa, mayai, karanga, ufuta, haradali, samaki na wenzao. Akakaa na kalamu. Mchele haumo. Nazi haimo. Sukari, iliki, hamira, hazimo. Akarudia mara mbili, akidhani ameruka mstari. Kitumbua cha bibi yake hakina shtaka hata moja!

Na hapo ndipo riziki ilipokuwa imejificha. Akaja mama mmoja wa Kizungu ambaye tumbo lake haliwezi ngano, na keki za huku karibu zote ni ngano. Akala kimoja, akanyamaza, akachukua kumi na viwili. Wiki iliyofuata akaja na wenzake. Maandazi nimeyafukuza jikoni kwangu, maana unga wake unaruka mpaka kwenye pazia. (Bei sikutajii. Utaipigia hesabu ya shilingi, kisha mjomba ataongeza na jembe la trekta.)

Shemeji yako ni mkaguzi wa ubora. Kila mkupuo anaonja kimoja, eti kuhakikisha. Binti ameanza kumwandika kwenye safu ya hasara. Kitinda mimba, mwenye miaka 11, nilimtuma aoshe bakuli. Akaingia intaneti, akarudi kunisomea kwamba sheria ya hapa haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa. Nikamwambia, wewe hujaajiriwa, umezaliwa. Akaosha.

Lakini mteja wangu hasa ni Ba, bibi wa Kihindi. Mji huu umejaa Wahindi wa kwetu. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, mwaka 1972, halmashauri ya hapa ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wapo waliosema hawakuwahi kulisikia jina la Leicester mpaka walipolisoma kwenye tangazo hilo. Wakaja. Leo barabara ya Belgrave ni sari, dhahabu na mogo. Mogo ni muhogo uliopoteza silabi njiani. Na njugu nazo huku ni jugu.

Ba alizaliwa Mombasa, akaolewa Kampala, akafika hapa na begi moja. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu, akachungulia, akasema: “Kitumbua! Ngapi?” Nikaangusha kijiko. Wajukuu zake hawajui Kiswahili, lakini kwao wanasema fagio, kisu na sufuria, na wana hakika hicho ni Kigujarati. Nilipowaambia ni maneno yetu, mmoja alinitazama kama nimemchomolea kitu mfukoni.

Ba akatafuna, akafumba macho. Nikangoja sifa. Akasema: “Tamu. Lakini hii si kitumbua. Hii mtoto ya kitumbua.”

Ana haki, dada. Chuma nilichonunua Belgrave ni cha appam, chakula cha Wahindi wa kusini: matundu saba, madogo, yamepakwa dawa ya kuzuia kugandia. Kitumbua kinatoka kama kifungo cha koti. Na kwa kuwa hakigandi, hakipati ule ukingo wa kukauka ambao mama aliukwangua kwa kijiti akatupa sisi, na cha kuuza akakipanga kwenye sinia.

Basi hiki ndicho nilichokuandikia. Hela ya trekta sina. Nataka chuma cha mama. Kiko uvunguni, chumba cha uani, ndani ya gunia, kama hamjakifanya kizuizi cha mlango. Jirani anakuja huku mwezi ujao kwa mwanawe, mpe aniletee. Akiweke kwenye begi la kupakiwa chini, si la mkononi, asije akazuiliwa uwanjani wakidhani silaha. Kifunge kwenye khanga, yoyote ile, na khanga hairudi.

Na nakuomba, mtu asikisugue, si kwa mchanga wala kwa waya. Ule weusi uliomo ndani si uchafu. Bibi afya nitamweleza mimi.

Mdogo wako, mwenye hoteli