Mama Amelazwa Singida

Kila msimu wa alizeti Mama hupanda basi hapa Morogoro, akapita Dodoma na Manyoni, akashuka Singida mjini kununua mafuta kwa wakamuaji. Huenda peke yake. Nauli ya mtu wa pili, anasema, inakula faida yote ya madumu.

Safari ile alianza kutetemeka wakiwa Manyoni. Singida ina upepo mkali, naye akadhani ni baridi. Alifika gesti, akaandika jina kwenye daftari la wageni, akameza Panadol, akajifunika. Asubuhi hakutoka. Mwenye gesti, mama wa Kinyaturu wa makamo, aligonga mpaka akachoka, akaleta ufunguo wa akiba. Alimkuta macho wazi, anazungumza na bibi yetu, aliyefariki zamani, wakibishana habari za kuku.

Simu ya Mama ina namba ya siri, hivyo yule mama hakuweza kumpigia yeyote. Akaitia mfukoni, akaita bajaji.

Huku nyumbani mdogo wangu alikuwa anatafuta ufunguo wa kabati, maana unga ulikuwa umeisha. Akampigia Mama. Sauti ngeni ikajibu: "Mwanangu, mama yako amelazwa. Nipe baba."

Kabati lile ndilo lenye pesa za ndani na kadi ya bima, na ufunguo wake Mama alikuwa ameufunga kwenye pindo la khanga, kilometa karibu 500 kutoka hapa. Baba ni mtu wa taratibu. Kuomba chumvi kwa jirani humchukua robo saa ya salamu. Siku hiyo alikwenda kwa fundi seremala, akarudi na tindo bila kumsalimia mtu, akang'oa bawaba. Kadi ilikuwa katikati ya stakabadhi za mafuta za miaka na miaka, zote zimekunjwa vizuri. Baba alizishika muda mrefu. Kisha akaenda stendi kusubiri basi la alfajiri.

Huko hospitali muuguzi alikuwa ameuliza swali moja ambalo hadi leo namshukuru kwalo: mgonjwa ametoka wapi? Mama hakuweza kujibu. Mwenye gesti akakumbuka daftari lake, ambamo mgeni huandika atokako na aendako. Morogoro. Singida ni mkame, malaria si nyingi kama kwetu, na vimelea huweza kukaa mwilini wiki moja, mbili, hata zaidi, kabla homa haijapanda. Mama aliondoka nayo hapa hapa. Wakamtoboa kidole, kipimo kikasoma malaria, naye alikwisha kupoteza fahamu sawasawa. Akachomwa sindano ya artesunate, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ilipotimia saa 24.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?" waliuliza. Kwetu mgonjwa asiye na ndugu wodini hana wa kumletea uji, wala wa kukimbilia dirisha la dawa. Yule mama akasema, "Mimi."

Mimi hufundisha historia, na usiku ule sikulala kwa kumfikiria Edward Pocock, kijana wa Kiingereza katika msafara wa mvumbuzi Stanley, aliyekufa kwa homa katika nchi hiyo hiyo ya Wanyaturu Januari 1875. Nduguye Frank alikuwa naye katika msafara. Mama hakuwa na ndugu. Alikuwa na mtu aliyempangisha chumba usiku mmoja.

Baba alipofika alimkuta ameegemezwa mto, ananyweshwa uji wa mtama kwa kijiko, kidogo kidogo. Neno la kwanza la Mama lilikuwa: "Nyumbani wanakula nini, na ufunguo ninao?" Baba akamwambia kabati halina mlango tena. Akafumba macho, akaomba uji mwingine.

Baba alitaka kulipa gharama za bajaji, dawa na chakula. Yule mama alipokea za dawa tu. "Shemeji," alimwambia, "mengine tutayamaliza wenyewe na dada yangu."

Wameyamaliza kwa namna yao. Binti yake amepata chuo hapa Morogoro, anaishi kwetu, analala chumba kimoja na mdogo wangu, na Mama humfokea akisahau chandarua.