Kiwavi Hana Cheti

Kiwavi alitokea pale kachumbari ilipopakana na pilau, na alikuwa mzima wa afya. Aliyemwona kwanza alikuwa baba mkwe, mzee wa Mufindi aliyeshuka Dar es Salaam kumtembelea binti yake na kuhakikisha, bila kutamka, kwamba binti analishwa. Wengine mezani walimwona mzee akiacha kutafuna, ndipo wakafuata macho yake.

Ubaya wa tukio hilo ulitokana na kilichotangulia. Mwandishi wa makala haya, ambaye ndiye mkwe mwenyewe, alikuwa ametoka tu kuihutubia familia kuhusu kabichi ile. Alitaja bei yake, shilingi 7,000, ingawa genge la mtaani linauza kubwa kuliko hiyo kwa 2,000. Alitaja duka lenye kiyoyozi ambako kabichi hulazwa kwenye kikapu cha ukili. Alitaja stika: jani la kijani, chini yake ASILIA 100%, chini yake tena HAINA KEMIKALI. Alikuwa anaelekea kwenye saratani pilau ilipopakuliwa.

Mzee alichukua kijiti cha meno, akamgusa kiwavi mgongoni. Alikuwa wa kijani, mwembamba, urefu wake kama sentimita moja. Hakutambaa kwenda mbele. Alijinyonganyonga akirudi kinyumenyume kwa kasi, akavuka ukingo wa sahani, akajitupa, akabaki ananing'inia kwenye uzi mwembamba juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa kwa heshima ya mgeni. Shemeji mdogo akasogeza kiti.

"Baba, huyo ndiye shahidi wangu," mwandishi alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akimsubiri. "Kungekuwa na dawa, angekuwa hai?"

Hoja hiyo ina heshima zake mjini. Pita soko lolote utamkuta mama anachagua mchicha uliotobolewa na kuuacha ulionyooka, kwa imani kwamba mdudu hali sumu. Mzee aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama mkwewe kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Huyu namjua, mwanangu. Huyu anakunywa dawa kama wewe unavyokunywa chai."

Pakalipuka kicheko. Mke wa mwandishi alicheka kuliko wote, na suala hilo bado lina kikao chake.

Mzee alikuwa sahihi, tena kwa kiwango kinachoudhi. Kiwavi yule ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, Plutella xylostella kwa jina la kitaalamu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama hafifu za umbo la almasi zinazojipanga mgongoni anapokunja mabawa. Chakula chake ni kabichi, sukuma wiki, koliflawa na ukoo wao wote. Kule kurudi nyuma na kujitundika kwenye uzi ndiko kitambulisho chake, na mzee alikuwa anakikagua kwa kijiti cha meno. Sifa yake kubwa lakini ni ukaidi. Mwaka 1953, huko Java, Indonesia, aliripotiwa kuwa sugu kwa dawa ya DDT, akiwa wa kwanza kati ya wadudu wa mazao. Wakulima wakageukia Bacillus thuringiensis, bakteria wa udongoni anayeruhusiwa hata kwenye kilimo hai kwa sababu ni wa asili. Nondo huyu akawa wa kwanza kumzoea naye shambani kabisa.

Namna anavyofanya inatisha kwa urahisi wake. Katika nchi za joto anaweza kupata vizazi zaidi ya 20 kwa mwaka. Mkulima anapiga dawa, wadhaifu wanakufa, wachache waliosalimika wanazaana wao kwa wao, na baada ya misimu michache shamba limejaa ukoo wa waliosalimika. Dawa hiyo hiyo inaua pia nyigu wadogo waliokuwa wakiwamaliza viwavi bure. Mkulima, akiona hasara, anaongeza kipimo, au anachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja. Hivyo kabichi inaweza kufika sokoni ikiwa na vyote viwili, sumu na kiwavi, na mteja akaisifu kwa sababu ya kiwavi.

Walioelekea kumweza ni hao nyigu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilileta kutoka Taiwan nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, na mwaka 2002 kikaanza kumwachia kwenye milima ya Taita. Jike hutaga yai ndani ya mwili wa kiwavi. Mtoto wa nyigu huanguliwa humo humo na kumla mwenyeji wake kutoka ndani. Ni kazi chafu, na haidai kiyoyozi wala kikapu cha ukili.

Haya yote mwandishi aliyasoma usiku, baada ya wageni kulala. Mchana ule alikuwa bado anatafuta pa kuuweka uso, mzee akaongeza la pili.

"Na hao wa asilia, nani kakwambia hawapigi dawa? Sisi ndio tuliowalimia."

Mzee alilima pareto. Anayetoka nyanda za juu hahitaji kuelezwa, ila kwa wa pwani: ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, linachumwa kwa mkono, linaanikwa, linauzwa kwa kilo, na sumu iliyomo inashambulia mishipa ya fahamu ya mdudu mpaka aanguke chali. Kenya ilianza kulilima mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ndiyo iliyoongoza duniani. Kisha viwanda vikaiga sumu ile, vikatengeneza dawa za jamii ya pairethroidi, za bei nafuu na zisizoharibiwa haraka na jua. Bei ya ua ikaporomoka. Dunia ilipoanza tena kutaka vya asili, soko kubwa lilikuwa limeshahamia Tasmania, Australia, ambako maua hayo huvunwa kwa mashine.

Na sumu ya pareto inaruhusiwa kwenye kilimo hai, kwa masharti. Vivyo hivyo salfa, dawa kadhaa za shaba, na mafuta ya mwarobaini. Kilimo hai hakisemi "hakuna dawa"; kinasema, kwa ufupi, dawa za viwandani hapana, za asili baadhi ndiyo, na hizo ziwe kimbilio la mwisho baada ya mzunguko wa mazao, mboji na kuwatunza wadudu rafiki. Asili yenyewe haina huruma. Utupa, mmea ambao wazee wameutumia miaka mingi kulevya samaki mtoni, una rotenoni. Kwa muda mrefu rotenoni ilikubalika kwa wakulima wa kilimo hai wa Ulaya na Marekani, mpaka ikaonekana haifai na kuondolewa. Ilikuwa asilia 100%.

Stika ya shilingi 7,000 basi ilikuwa imekosea mara mbili kabla haijafikia suala la kiwavi. Hata maji ya kuoshea kabichi ni kemikali.

Jumatatu mwandishi alikwenda dukani, kwa adabu, na stika mkononi.

"Dada, samahani, cheti cha hii kabichi kipo?"

"Kipo ofisini."

"Ofisi iko wapi?"

"Bosi ndiye anajua. Amesafiri."

"Imelimwa wapi?"

"Lushoto."

"Lushoto ipi?"

Nyuma yake palikuwa na kijana mwenye kikapu cha parachichi. "Kaka," akasema, si kwa ubaya, "kama haujajipanga, genge liko hapo nje."

Inafaa kusema wazi kwamba nembo halisi zipo na zina meno. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango kimoja cha kilimo hai, EAS 456, na nembo yake, Kilimohai, ikazinduliwa Dar es Salaam. Kiwango hicho kinasema mbegu zipi, mbolea zipi, dawa zipi, na mpaka wa shamba la jirani anayepiga dawa ushughulikiwe vipi. Ulaya wana jani lao la nyota, lililoanza kutumika mwaka 2010, na karibu yake lazima iwepo namba ya aliyekagua. Jani la kwenye kabichi ya Jumapili lilikuwa na shina, halikuwa na namba. Marekani, bidhaa iliyosindikwa haipati muhuri wa wizara ya kilimo mpaka asilimia 95 ya viambato vyake viwe vya kilimo hai, na ardhi lazima iwe imekaa miezi 36 bila dawa zilizokatazwa.

Kinachokaguliwa hapo kote ni shamba, daftari na safari ya mzigo. Kabichi yenyewe haiulizwi. Ndiyo maana hata Marekani mambo huharibika. Mkulima mmoja wa Missouri, Randy Constant, aliuza mahindi na soya za kawaida kama za kilimo hai kwa miaka kadhaa, mauzo ya zaidi ya dola milioni 142, sehemu ya fedha hizo ikiishia kwenye kamari za Las Vegas. Walaji walinunua nyama ya kuku na mifugo mingine iliyolishwa nafaka hiyo na kulipia bei ya juu. Hakuna aliyeonja tofauti. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 10. Aliyeipa kabichi ya 7,000 jani lake atalala nyumbani kwake leo.

Na lishe je? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti 237 na kuona tofauti ndogo sana ya virutubisho, ingawa mabaki ya viuatilifu hayakuonekana mara nyingi kama kwenye mazao ya kawaida. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle ikapitia tafiti 343 na kukuta viondoa-sumu (antioxidants) vingi zaidi na kadimiamu, metali yenye sumu, kidogo zaidi. Tangu hapo kila upande una karatasi yake ya kumtupia mwenzake.

Linalokera hasa liko kwingine. Tanzania inalima mazao ya kilimo hai yenye vyeti vya kweli, na mengi yanapanda meli: kahawa ya Kagera, kakao ya Kyela, pamba ya Meatu, viungo vya Zanzibar. Ukaguzi wa soko la nje ni ghali, hivyo mara nyingi kampuni inayonunua ndiyo imekuwa ikilipa, na cheti kuandikwa jina lake. Mkulima aliyengoja miaka, aliyebeba samadi kichwani na kujaza madaftari, akitaka kumuuzia mnunuzi mwingine, mzigo wake umekuwa ukirudi kuwa wa kawaida papo hapo. Udongo ni wake. Sifa ya udongo imekuwa ya kampuni.

Ipo njia ya bei nafuu. Nembo ya Kilimohai inaweza kutolewa pia kwa mfumo shirikishi: wakulima wa kijiji wanajiunga, wanatembeleana mashambani, wanaandika waliyoyaona, na kamati yao inaamua nani apite. Jirani anajua nani alionekana na bomba mgongoni saa kumi na mbili asubuhi, jambo ambalo mkaguzi wa kutoka nje hawezi kulijua. Ulaya hawaupokei mfumo huo kwa mazao yanayoingia kwao, lakini Kariakoo si Ulaya. Mboga za vikundi hivyo zingeweza kufika gengeni kwa bei inayokaribiana na nyingine. Zikifika mjini lakini hukutana na kodi ya fremu, kiyoyozi na kikapu cha ukili, na mtu wa Mbagala anabaki kuosha nyanya zenye unga mweupe kwa maji ya chumvi, huku akijua, au asijue, kwamba baadhi ya dawa huingia ndani ya tunda na hazisikii maji. Kwa nini kula bila sumu kuwe huduma ya rafu ya juu? Mama muuza genge hakuchagua dawa iliyopigwa Jumatano kwenye nyanya zilizovunwa Ijumaa, wala mteja wake hakuulizwa. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye chupa, kwa herufi ambazo mzee wa Mufindi husomewa na mjukuu.

Tusidanganyane pia kwamba kila shamba la maskini ni la kilimo hai kwa kuwa mwenyewe hana hela ya mbolea. Kuuacha udongo uchoke si kilimo hai. Ni ukata.

Yaliyofuata katika wiki hiyo hayahitaji urefu. Mayai ya "kienyeji" yalikuwa na kiini cha njano kali cha kujivunia, mpaka ikajulikana kwamba rangi hiyo hutokana na chakula cha kuku, na kwamba wafugaji wa viwandani wana upepeo wa kadi za rangi wa kuchagulia watakayo. Asali "mbichi" iliganda, mwandishi akaipeleka dukani kulalamika, akaelezwa mbele ya foleni kwamba asali halisi huganda. Mchele wa "ogani" ulivunja jino la nyuma. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba kokoto nazo hazina kemikali.

Mzee amerudi Mufindi. Amepiga simu kuuliza kama yule kiwavi alishateuliwa kuwa mkaguzi.