Waraka kwa Baba wa Ahadi

Kwa Mheshimiwa Fundi, mshonaji wa ngozi, Kilwa Masoko.

Nakuarifu kwamba mimi ni mzima. Gari nalo ni zima, ukitoa usukani, ambao ndio ulionishikisha kalamu. Najua una shughuli nyingi na sipendi kukuchosha. Ila simu zangu naona hazikufikii, na kijana wako kila nikipita kibandani huniambia umetoka sasa hivi. Kwa mtu anayetoka sasa hivi tangu kabla ya Ramadhani, nimeona waraka utakuwa na subira kuliko mimi.

Bila shaka unaikumbuka siku uliyokuja kuutazama usukani ule. Harrier yangu ilitoka Japani ikiwa imetumika, na ngozi ya usukani ilikuwa imechakaa pale mikono inaposhika, saa tatu na saa tisa. (Jambo hili hunifurahisha: usome saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, mikono inabaki palepale.) Ulinieleza kwa ufasaha ambao sijaukuta kwa fundi mwingine. Jasho huila ngozi, ulisema, jua lipitalo kwenye kioo huikausha, na sisi wakazi wa Masoko chumvi ya bahari tumeibeba viganjani hata tusipojua. Ukaniahidi utakata uzi wa zamani taratibu, uibandue ngozi nzima uifanye kigezo, ukate mpya iliyo ndogo kidogo ili ivutwe na kukaza, kisha uishone kwa mkono, mshono ukae upande wa ndani. Nimewauliza wengine, wote wanakiri ndivyo kazi inavyofanywa. Kwa maelezo yale peke yake ningekulipa shilingi 80,000, na sasa naona ndiyo niliyolipia.

Uliondoka na usukani kwapani ukasema, "Ijumaa." Kosa langu, sikuuliza ipi. Zikapita tano. Gari likakaa uani limekodoa taa, halina pa kushikwa. Kuku wa jirani akaingia dirishani, akataga mayai saba kwenye kiti cha dereva, akayaatamia. Kuku huatamia siku 21, nawe unajua hesabu. Nakuarifu kwa furaha kwamba yeye alimaliza kazi yake kabla yako, wala hakudai malipo ya awali.

Kuhusu ngozi yenyewe, uliapa ni ya ng'ombe, na mimi sina desturi ya kumtilia shaka mtu mzima aliyeapa. Ila ngozi ya ng'ombe ukiigeuza nyuma ina manyoya manyoya laini, na hii yako nyuma ina kitambaa kilichofumwa vizuri kabisa. Huenda ng'ombe huyo alizaliwa kiwandani. Enzi za Wajerumani magome ya mikoko ya pwani hii yalipakiwa melini kwenda Ulaya kutengenezea ngozi. Sidhani kama kuna aliyewahi kupakia magome kwa ajili ya ng'ombe wa aina yako.

Mfuko wa hewa, ule uliofichwa katikati ya usukani, nitautaja kwa ufupi. Waoga hufungua kwanza waya hasi wa betri, wakangoja dakika kadhaa ndipo waguse, maana mfuko ule ukifyatuka huwahi kabla hujafumba jicho. Wewe si mwoga. Nilipouliza, ulinijibu kwamba ajali ni kudra. Nimeipokea imani yako, na taa nyekundu inayowaka kwenye dashibodi tangu siku ile hunikumbusha kusoma dua kila niwashapo gari.

Fundi wa kawaida, kabla ya kuuchomoa usukani, hutia alama penye nati ya katikati ili meno yarudi yalipokuwa. Wewe hutegemea kumbukumbu, kipaji ambacho katika mambo ya tarehe hukupenda kukionyesha. Basi sasa gari likienda moja kwa moja, usukani unatazama kushoto. Nikishika njia ya Lindi, nikapita Kiranjeranje na daraja la Mbwemkuru, magurudumu yanakwenda kusini na usukani unaelekea baharini. Labda ulikumbuka kwamba neno lenyewe tumelitoa kwenye vyombo, ukataka urudi kwao.

Na kama ni vyombo, bwana wangu, kushona hakukuanza juzi katika pwani hii. Periplus, kitabu cha wafanyabiashara wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kinataja mashua za kushonwa katika pwani yetu. Mitepe ilishonwa kwa kamba ya makumbi, haina msumari hata mmoja, ikakata mawimbi. Usukani wa gari langu mzingo wake haufiki mita moja na robo, nawe una shazia, una uzi wa nailoni, una kivuli cha mwembe. Mshono wako ulifika nusu ya duara, sehemu iliyobaki ukaiachia gundi.

Gundi hiyo naisifu bila kusita. Nilikwenda harusini Lindi, jua la mchana likaiamsha, na nilipofika Mchinga viganja vyangu vilikuwa vyeusi kama vimetiwa piko. Wazee wa bibi harusi walinipa mkono mmoja mmoja, na mmoja wao alikawia kuutoa wake kwa kuwa ulinata. Walidhani nimewapenda sana.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Mji uliokwisha kuwa na mtu wa namna hiyo hauwezi kukosa wa kufuata nyayo. Zawadi sikuziona kwako, lakini kwa ahadi hujawahi kunirudisha mikono mitupu. Hata ile ya kwamba usukani ukifumuka utaurudia bure mpaka gari life bado ninayo, haijatumika.

Siiombi. Fedha nazo nimekusamehe. Ombi langu ni moja: ile ngozi ya zamani uliyoichukua iwe kigezo, nirudishie. Ilichakaa, ilipasuka, lakini ilikuwa ngozi, na nimepata mtu Mtwara wa kuifuatiza. Nitapita kibandani Ijumaa hii baada ya swala. Ninaposema Ijumaa nakusudia ile inayofuata Alhamisi.