Vitufe vya Sabufa na Masikio ya Mwenye Nyumba

Sabufa ya kawaida ya sebuleni ina vitufe vichache usoni: cha sauti, cha besi, cha trebo na cha kuchagua muziki utoke wapi. Rimoti huongeza vingine kumi na kitu, vikiwemo vilivyoandikwa Rock, Pop, Jazz na Classic. Cha taarabu hakuna, cha rumba hakuna, wala cha kwaya. Je, kuvigusa kunabadilisha kinachosikika? Vichache hubadilisha sana, vingi havisaidii chochote, na mwenye nyumba kwa kawaida hushughulika na hivi vya pili kwa kuwa vinafikiwa bila kuinuka kwenye kochi.

Sikio zima la kijana hupokea mitetemo ya kuanzia takriban 20 Hz hadi 20,000 Hz, lakini sauti za juu kabisa huanza kupotea kadiri umri unavyosogea. Mtu wa miaka 50 hasikii tena baadhi ya sauti kali ambazo mwanawe wa miaka 12 anazisikia bila taabu. Hata hivyo, katika nyumba nyingi trebo ni mamlaka ya baba. Mtoto akisema sauti inachoma masikio, huambiwa akasome.

Kitufe cha sauti ndicho chenye hila kuliko vyote. Tofauti ndogo ambayo msikilizaji wa kawaida huitambua nyumbani ni kama desibeli 1. Ikiwa chini kidogo ya hapo, hatambui kwamba sauti imepanda. Anachoona ni kwamba muziki umechangamka na mwimbaji amesogea karibu. Wauza redio wanalijua hili tangu zamani, na ile wanayotaka iondoke dukani haikosi kupigwa juu kidogo kuliko jirani yake. Maboresho mengi ya sebuleni, yakichunguzwa vizuri, ni kitufe cha sauti kilichoguswa bila kukusudia.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazisaidii. Kuongeza nguvu ya umeme mara 2 huleta desibeli 3 tu, na ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu nguvu inatakiwa iongezeke karibu mara 10. Zile tarakimu nono zinazofuatwa na herufi PMPO hazina kipimo kinachokubalika. Sabufa inayojigamba kwa wati 5,000 mbele ya boksi huweza kukiri nyuma, karibu na waya wa umeme, kwamba inakula 60.

Besi ina kesi ya peke yake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba muziki ukipunguzwa, sauti nzito hufifia masikioni haraka kuliko za kati. Kwa hiyo anayepunguza sauti usiku kisha akaongeza besi ana hoja ya kisayansi. Jirani naye ana hoja yake, maana besi ndiyo inayopenya ukuta.

Ekwalaiza, yaani vile vitufe vya Rock na Pop pamoja na vijiti vya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba, hubadilisha sauti kwelikweli, na tabu inaanzia hapo. Kijana ameweka Rock kwenye simu. Sabufa iko kwenye Pop tangu iliponunuliwa. Runinga imewekwa Sinema na mtu asiyejulikana. Wimbo ukipita mikono yote hiyo hufika kama mchuzi uliotiwa chumvi na kila aliyepita jikoni. Wako pia wanaopandisha vijiti vyote hadi juu ili wasikose kitu. Kupandisha vyote ni kuongeza sauti tu, isipokuwa kwamba amplifaya ikifika mwisho wa uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na mwimbaji huanza kukwaruza.

Kinachobadilisha sauti kuliko hivyo vyote hakina kitufe: ni mahali sabufa ilipowekwa. Kanuni ya sebule ni kwamba kitu cha thamani kikae kwenye kabati la vyombo, kifunikwe kitambaa cha kufuma na kisivuliwe nailoni ya dukani. Kitambaa chenye matundu hakina madhara makubwa. Nailoni iliyobaki juu ya spika ina madhara, na kabati ndilo baya zaidi: wimbo ukishuka chini, glasi za wageni huitikia, na mwenye nyumba huuhesabu mlio huo kuwa sehemu ya besi. Sabufa ikisukumwa kwenye kona, kuta mbili zilizo karibu huiongezea sauti nzito, na kila ukuta huweza kuleta hadi desibeli 6. Hakuna kitufe cha rimoti kinachofikia hapo bila muziki kuharibika.

Kukaa nako kuna athari. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, wimbi la takriban 43 Hz hujikunja baina ya kuta mbili, likawa na nguvu kwenye kuta na dhaifu katikati. Mgeni aliyeegemea ukuta husikia radi, na mwenye nyumba aliyekaa katikati huagiza besi iongezwe. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu ubishi wao haumaliziki.

Mafundi wana njia ya kutafuta mahali pazuri, na gharama yake ni heshima tu. Sabufa hupandishwa juu ya kochi, pale pale anapokaa msikilizaji, ukapigwa wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Mhusika hutambaa kwa magoti kandokando ya kuta, sikio likiwa karibu na sakafu, hadi apate mahali ambapo besi zote zinasikika sawasawa. Hapo ndipo sabufa itahamia. Njia hii hufanya kazi kwa sababu spika na sikio vikibadilishana nafasi, sauti kati yao hupita njia ileile. Udhaifu wake ni hodi. Mama mkwe akiingia akakuta sabufa imeketi kwenye kochi na mkwewe yuko nyuma ya pazia, makalio juu, habari za mawimbi hazielezeki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umepoteza nini, baba?”

“Sindano.”

Waya wa spika ukigeuzwa, mwekundu ukaingia penye mweusi upande mmoja tu, koni ya spika hiyo hurudi ndani wakati ya mwenzake inatoka nje. Kwenye redio kubwa ya spika mbili besi hukonda. Kwenye sabufa yenye spika ndogo pembeni, mwimbaji hukosa mahali pa kusimama. Sauti yake huelea chumbani bila kujulikana inatoka wapi. Kosa hili hupatikana zaidi pale waya mfupi ulipoungwa na waya mwingine wenye rangi tofauti, kazi ambayo kwa desturi hufanywa na shemeji. Unene wa waya una maana ukiwa mrefu sana. Bei yake haina.

Kuna pia imani. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu wale wale spika zile zile, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia. Maksi zilibadilika macho yalipohusishwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio la kulinganisha diski za ubora wa juu na muziki huohuo ulioteremshwa hadi kiwango cha CD, yaani biti 16 na 44.1 kHz. Kati ya majibu 554, sahihi yalikuwa 276, pungufu kidogo ya nusu, sawa na kubahatisha. Anayebishania 192 kHz kwenye simu yake iliyounganishwa kwa Bluetooth na sabufa ya ndani ya kabati ajue hivyo.

Mwenye shaka na kitufe chochote amkabidhi mtoto rimoti, ageuke ukutani, ukubwa wa sauti ubaki uleule, kisha ataje mara 10 kama kitufe kimewashwa au kimezimwa. Anayebahatisha hupata 9 au zaidi takriban mara moja tu katika majaribio 100. Akipata 9, kitufe kinafanya kazi. Akipata 5, rimoti ibaki kwa mtoto.