Jinsi ya Kusuka Wavu Usionasa Kosa

Mhandisi mwenzangu, bosi anataka picha kesho asubuhi. Umbo ulilopewa lazima likatwe vipande vidogo ndani ya kompyuta ili mbinu ya elementi finiti ikokotoe mkazo wa kila kipande. Mpangilio wa vipande hivyo ndio wavu, na ukifuata mwongozo huu utaumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kata kila mahali sawasawa. Wavu wa namna hiyo unapendeza, na hakuna atakayeuliza kwa nini katikati ya bamba, pasipo na lolote, pamejaa vipande kama kwenye kona ambako mkazo unapanda ghafla. Wapo wanaoiachia kompyuta kazi hiyo: ikokotoe, ikadirie kosa la kila kipande, ivigawe vyenye kosa kubwa, kisha irudie. Babuška na Rheinboldt walionyesha namna ya kukadiria kosa hilo mwaka 1978, Zienkiewicz na Zhu wakaleta njia nyepesi mwaka 1987, na programu nyingi sasa zina kitufe chake. Usikiguse. Kinazua maswali.

Mkaguzi akidai wavu laini zaidi, gawa kila upande wa kila kipande katika sehemu mbili. Kwa umbo la vipimo vitatu, vipande vinazidi mara nane, kompyuta inanguruma usiku kucha, nawe unakwenda kulala kwa haki.

Kona kali ya kuingia ndani ni zawadi. Kinadharia mkazo wa pale hauna kikomo, kwa hiyo kila ukilainisha wavu namba inapanda. Jaribu nyavu kadhaa, chagua namba inayompendeza bosi, kisha simama. Ole wako ukiichora kona kwa mviringo wake halisi. Namba itatulia, na uhuru wako wa kuchagua utakwisha.

Halafu washa ulainishaji wa rangi. Mkazo unaporuka kutoka kipande hadi jirani yake, ni dalili kwamba vipande ni vikubwa mno hapo. Zienkiewicz na Zhu walijenga kipimo chao kwenye tofauti kati ya mkazo huo mbichi na uliolainishwa. Wewe onyesha uliolainishwa tu. Rangi ya bluu inayoingia taratibu kwenye nyekundu haijawahi kubishiwa kikaoni.

Ukitaka kuona njia hii inafika wapi, tazama Norway. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger, kitako cha zege cha jukwaa la gesi Sleipner A kilikuwa kikishushwa majini kwa majaribio. Ukuta wa chumba cha pembetatu, kilichobanwa kati ya matangi makubwa, ukapasuka, maji yakazishinda pampu, na kitako kizima kikazama. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700 hivi. Uchunguzi ulikuta kwamba vipande vya wavu wa sehemu ile vilikuwa vikubwa na vimekaa vibaya, vikafanya nguvu za mkato zikadiriwe pungufu kwa asilimia 47. Hivyo kuta zikajengwa dhaifu, na nondo zake hazikushikizwa vya kutosha.

Wachunguzi walirudia hesabu kwa uangalifu, wakapata kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65. Hesabu hiyo ilifanywa kitako kikiwa kimeshazama. Ya kwako ifanye mapema.